Biri Zinazostahili Kuonjwa Walau Mara Moja

Biri ni tumbaku tupu. Haina karatasi wala kichungio, na ile iliyosokotwa kwa mkono haina chochote ila majani ya mmea mmoja na tone la gundi ya mimea kichwani. Ndani mna majani mawili hadi manne yaliyokunjwa kwa urefu. Hayo hufungwa kwa jani moja gumu, kisha juu yake huvishwa jani la nje, jembamba na nyororo, ambalo kwa kawaida ndilo ghali kuliko yote. Ladha ya biri hutokana na ardhi iliyootesha majani hayo, mahali yalipokaa kwenye shina, jinsi yalivyokaushwa na kuvundikwa, na mkono ulioyasokota.

Orodha nyingi za biri “za lazima” kwa kweli ni orodha za bei. Mtu akionja biri kumi ghali za Cuba, zote zimetoka bonde moja na hufunza jambo lile lile mara kumi. Biri zinazotajwa hapa zimechaguliwa kwa kigezo kingine: kila moja ina kitu ambacho nyingine haiwezi kukionyesha. Ndiyo maana baadhi ni za bei ya chini kabisa, na baadhi ya majina makubwa yameachwa nje.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua tumbaku, ila si hii. Tumbaku ya Urambo, Kaliua, Chunya au Migori kwa sehemu kubwa ni ya mvuke. Hukaushwa kwa joto ndani ya bani kwa takriban wiki moja, ikabaki na rangi ya dhahabu na sukari yake, ikaenda kwenye viwanda vya sigara. Jani la biri halina haraka hiyo. Hutungwa kwenye fito na kuning’inizwa katika banda lenye upepo kwa wiki sita hadi nane, mpaka kijani kiishe na kahawia itulie. Baada ya hapo huvundikwa. Majani hulowanishwa kidogo na kupangwa katika tuta linalofika kifuani, na tuta hilo huanza kupata joto lenyewe, kama ndizi zilizofukiwa shimoni. Mtu huchomeka kipimajoto katikati ya tuta na kukisoma kila siku. Joto likipanda kupita kiasi, tuta zima hubomolewa na kupangwa upya, ya ndani yakaja nje na ya nje yakaingia ndani. Katika siku hizo ghala hunuka amonia mpaka macho yatoe machozi. Harufu hiyo ndiyo ukali unaotoka, na biri iliyovundikwa kwa pupa huuma ulimi kwa sababu ukali huo ungali ndani yake.

Nafasi ya jani kwenye shina nayo ina kazi yake. Majani ya chini, volado, ni mepesi na husaidia biri kuwaka sawasawa. Ya katikati, seco, hutoa harufu. Ya juu, ligero, yamepigwa na jua zaidi, ni mazito, yana mafuta na nguvu nyingi, nayo huungua polepole. Msokotaji mwenye ujuzi huyaweka ligero katikati kabisa ya biri. Akikosea akayasukuma upande, biri itaungua mshazari na hakuna kiberiti kitakachoinyoosha.

Moshi wa biri hauvutwi hadi mapafuni, hushikwa kinywani na kutolewa. Hilo haliifanyi kuwa salama. Nikotini hupenya kwenye utando wa kinywa, biri kubwa moja inaweza kuwa na tumbaku inayokaribia ya pakiti nzima ya sigara, na saratani za kinywa, koo na umio zimehusishwa waziwazi na uvutaji wake. Kwa hiyo maneno “walau mara moja” yachukuliwe kama yalivyo. Hii ni orodha ya kuonja, na aonjaye hana sababu ya kumaliza biri nzima.

Pa kuanzia ni biri nyepesi, na kati ya nyepesi ya kutangulia ni Macanudo Café. Husokotwa katika Jamhuri ya Dominika, lakini sifa yake iko kwenye jani la nje la Connecticut, Marekani. Katika bonde la mto Connecticut, tangu mwanzo wa karne ya 20, wakulima wamekuwa wakilima tumbaku chini ya mahema ya kitambaa yanayofunika shamba zima ili jua lifike likiwa limechujwa. Jani linalokulia kivulini hutanuka likitafuta mwanga, likawa jembamba, jepesi, lenye rangi ya kahawa yenye maziwa mengi. (Katika mashamba ya tumbaku ya huko, mjini Simsbury, Martin Luther King Jr. alifanya kazi za kiangazi alipokuwa mwanafunzi katika miaka ya 1940.) Leo jani la aina hiyo hulimwa pia Ecuador, ambako mawingu ya kudumu hufanya kazi ya hema bila gharama. Macanudo Café ina ladha ya mbao mbichi na malai, na wavutaji wa siku nyingi huidharau. Dharau hiyo haina msingi. Biri nyepesi ndiyo inayofichua kasoro za usokotaji, kwa kuwa haina ukali wa kuzifunika.

Cuba haikwepeki. Magharibi ya kisiwa hicho, katika mkoa wa Pinar del Río, kuna eneo linaloitwa Vuelta Abajo, na ndani yake miji midogo ya San Luis na San Juan y Martínez, ambayo udongo wake mwekundu wa kichanga hutoa majani ya nje, ya kufungia na ya ndani, yote katika eneo moja. Sehemu chache sana duniani zinaweza kusema hivyo. Biri ya Havana inayostahili kutangulia ni Montecristo No. 2. Jina la Montecristo lilianza mwaka 1935, nalo lilitoka kwenye riwaya ya Alexandre Dumas iliyokuwa ikisomwa kwa sauti kwa wasokotaji. Desturi hiyo ya msomaji kiwandani ilianza Havana mwaka 1865: mtu huketi mahali pa juu na kusoma magazeti asubuhi na riwaya baadaye, huku mamia ya mikono ikifanya kazi chini yake. Viwanda vya Cuba vina wasomaji mpaka leo.

Montecristo No. 2 ina urefu wa milimita 156 na unene wa 52, unene wa biri ukihesabiwa kwa sehemu ya 64 ya inchi. Yaani inakaribia milimita 21. Kichwa chake kimechongoka. Umbo hilo si pambo. Kichwa kilichochongoka hukusanya moshi wa majani yote mahali pamoja kabla haujagusa ulimi, na mvutaji huamua mwenyewe upana wa tundu kwa kukata kidogo au kwa kukata zaidi. Ni umbo gumu kusokota, hivyo hupewa mikono iliyokomaa. Msokotaji wa Cuba hukunja kila jani la ndani kama mrija mwembamba na kuilaza mirija hiyo pamoja ili hewa ipite kati yake. Huifunga kwa jani la kufungia na kuibana ndani ya kalibu ya mbao. Ikishashika umbo, hulikata jani la nje kwa chaveta, kisu cha bapa chenye ukingo wa mviringo kisicho na mpini, na kulizungusha akilivuta kwa vidole bila kulichana. Kule Cuba mtu mmoja huifanya biri tangu mwanzo hadi mwisho. Nicaragua na Dominika kazi hugawanywa kwa wawili, mmoja akifunga na mwingine akivisha. Ladha ya No. 2 ni ya kakao, ngozi na viungo, na huongezeka nguvu kadiri moto unavyosogea mdomoni. Lawama kubwa dhidi yake ni kwamba haitabiriki: katika kisanduku kimoja mnaweza kuwa na iliyo bora kabisa na nyingine iliyobanwa mpaka moshi haupiti.

Anayetaka kujua Cuba kwa bei ndogo aanze na Montecristo No. 4, fupi, nyembamba, milimita 129 kwa unene wa 42. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa biri za Havana zinazouzwa zaidi, na huisha kabla mtu hajachoka nayo. Kinyume chake ni Partagás Serie D No. 4, milimita 124 kwa 50, umbo ambalo wauzaji huliita robusto. Nyumba ya Partagás ilianzishwa mwaka 1845 na Jaime Partagás, na ladha yake ni ya udongo na pilipili manga tangu pafu la kwanza. Hoyo de Monterrey Epicure No. 2 ina vipimo vile vile hasa, milimita 124 kwa 50, na majani ya nchi ile ile, lakini ni laini na yenye harufu ya maua. Anayezivuta hizi mbili kwa siku mbili zinazofuatana atakuwa ameelewa maana ya mchanganyiko wa majani kuliko aliyesoma kitabu kizima.

Cohiba ina hadithi yake. Katikati ya miaka ya 1960 mlinzi wa Fidel Castro alikuwa akivuta biri alizosokotewa na rafiki yake, Eduardo Rivera. Castro aliomba moja, akaipenda, na Rivera akapewa kazi ya kumsokotea. Mwaka 1966 kazi hiyo ilipewa jina la Cohiba, na ikahamia El Laguito, jumba la kifahari pembezoni mwa Havana lililokuwa la tajiri kabla ya mapinduzi. Kwa miaka mingi biri hizo zilitolewa kwa marais na mabalozi tu. Zilianza kuuzwa kwa umma mwaka 1982. Tofauti yake kiufundi ni kwamba majani ya seco na ligero huvundikwa kwa mara ya tatu, ndani ya mapipa, jambo linalozipa ulaini na harufu ya nyasi kavu. Ya kuonja ni Lancero, ndefu milimita 192, nyembamba kama penseli nene, yenye kichwa kilichosokotwa ncha kama mkia wa nguruwe. Umbo hili linapotea kwa sababu soko la leo linapenda biri nene, na hilo ni hasara. Katika biri nyembamba sehemu ya jani la nje dhidi ya majani ya ndani ni kubwa zaidi, hivyo mvutaji analionja jani la gharama badala ya moshi mwingi.

Behike, aina ya Cohiba iliyoingia sokoni mwaka 2010 ikiwa na majani ya medio tiempo, yale mawili madogo ya kileleni ambayo si kila mche huyatoa, imeachwa nje ya orodha hii kwa makusudi. Ni biri nzuri. Lakini mwaka 2022 Cuba ilisawazisha bei za Cohiba na za Trinidad, biri nyingine ya nchi hiyo, kote duniani na zile za Hong Kong, na tangu hapo anayenunua Behike analipia jina zaidi kuliko jani. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, kimbunga Ian kilipiga Pinar del Río na kuangusha maelfu ya mabanda ya kukaushia tumbaku. Biri za Cuba zimekuwa adimu tangu wakati huo.

Biri nyingine kubwa za dunia ya leo ni matokeo ya siasa za Cuba. Septemba 1960 serikali ya mapinduzi ilitaifisha viwanda vya biri, na Februari 1962 Rais John F. Kennedy aliweka vikwazo vya biashara. Pierre Salinger, msemaji wake, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba Kennedy alimtuma amtafutie biri elfu moja za Cuba kabla ya kutia saini; zilipatikana 1,200. Wenye viwanda walihama wakiwa na mbegu, ujuzi na majina. Ndiyo maana leo kuna Montecristo mbili, Partagás mbili, Romeo y Julieta mbili na hata Cohiba mbili: moja ya Cuba, nyingine ya Dominika au nchi jirani, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Mnunuzi asiposoma maandishi ya kisanduku anaweza kulipia moja akapewa nyingine.

Kati ya waliohama, aliyeacha alama nzito ni José Orlando Padrón. Alifika Miami mikono mitupu, akapewa nyundo ndogo na rafiki, akafanya useremala mpaka akadunduliza dola 600, na mwaka 1964 akafungua karakana ya biri. Baadaye alihamishia usokotaji Estelí, Nicaragua, mji wa nyanda za juu wenye udongo mweusi wa volkano. Kiwanda chake cha Estelí kilichomwa moto mwaka 1978 wakati wa uasi dhidi ya Somoza, mtawala wa Nicaragua. Huko Miami alitegewa mabomu na wahamiaji wenzake kwa sababu alikubali kwenda Havana kuzungumza na Castro juu ya kuachiliwa kwa wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1985 Marekani ikaiwekea vikwazo Nicaragua yenyewe. Padrón 1964 Anniversary Series, iliyotolewa mwaka 1994, ndiyo biri ya Nicaragua inayopaswa kuonjwa kabla ya nyingine yoyote. Hubanwa mpaka ikawa na pande nne, majani yake hupumzishwa miaka minne kabla ya kusokotwa, na ladha yake ni kahawa nyeusi, kakao na karanga za kukaanga. Zaidi ya yote inafanana na yenyewe: ya leo na ya miaka mitano iliyopita haziachani sana. Cuba haijaweza kutoa ahadi hiyo.

Upande wa Dominika, jina ni Fuente Fuente OpusX. Hadi miaka ya 1990 wafanyabiashara waliamini kwamba nchi hiyo inaweza kulima majani ya ndani tu, na kwamba jani la nje lazima liletwe kutoka Connecticut au Cameroon. Carlos Fuente Jr., mjukuu wa Arturo Fuente aliyeanza kusokota biri Florida mwaka 1912, alipanda mbegu za Cuba chini ya kivuli na kuwashangaza waliomcheka: mwaka 1995 OpusX ikatoka, majani yake yote ya ardhi ya Dominika, rangi yake nyekundu ya kutu. Ina nguvu. Anayeivuta tumbo likiwa tupu atatokwa na jasho na kuona kizunguzungu, na dawa ya hali hiyo ni kuiweka chini na kunywa kitu chenye sukari.

Davidoff Signature No. 2 iko upande wa pili kabisa wa nchi hiyo hiyo. Zino Davidoff, mzaliwa wa Kyiv aliyefanya biashara Geneva, alikuwa na biri zenye jina lake zikisokotwa Havana tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Ugomvi juu ya ubora ulifika mahali kwamba mwaka 1989 biri zaidi ya 130,000 zilichomwa moto hadharani kwa kuonekana hazifai, na kampuni ikahamia Dominika. No. 2 ni nyembamba, safi, yenye harufu ya uyoga na mbao. Wapo wanaoiona baridi mno, na bei yake huwapa haki ya kulalamika.

Jani la nje la Kiafrika lina nafasi yake, na mara nyingi husahauliwa na Waafrika wenyewe. Mashariki ya Cameroon, karibu na Batouri, na ng’ambo ya mpaka katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, hulimwa tumbaku ya mbegu za Sumatra iliyoenezwa huko na Wafaransa. Mawingu ya msitu huilinda dhidi ya jua, hivyo hakuna hema. Jani lake ni dogo, jembamba, gumu kulisokota kwa sababu huchanika upesi, na uso wake umejaa vipele vidogo vya mafuta ambavyo hubaki vikionekana kama doa jeupe kwenye jivu. Familia ya Meerapfel, wafanyabiashara wa Ulaya, ndiyo iliyolibeba jani hili sokoni kwa miongo mingi, hata pale machafuko yalipofanya kilimo kuwa kigumu. Biri ya kulionja ni Arturo Fuente Hemingway Short Story: ina inchi nne tu, imechongoka ncha zote mbili, tumbo limevimba katikati. Kwa kuwa mguu wake ni mwembamba, mivuto ya kwanza ni ya jani la Cameroon karibu peke yake, utamu wa karafuu na ngozi, kabla moto haujafika kwenye tumbo na majani ya Dominika kuingia. Kwa bei yake hakuna biri inayofundisha kazi ya umbo vizuri zaidi.

Majani meusi yana darasa lao. Weusi huo, unaoitwa maduro, hutokana na muda na joto la kuvundika, na jani jembamba haliwezi kustahimili. Huhitajika jani nene, lililolimwa juani: broadleaf ya Connecticut, ambayo mmea wake hukatwa mzima na kuning’inizwa na shina lake, jani la San Andrés huko Veracruz, Mexico, au mata fina ya Bahia, Brazili. Wengi hudhani biri nyeusi ndiyo kali. Mara nyingi ni kinyume, kwa sababu kuvundika kwa muda mrefu hupunguza ukali na kuacha utamu. Liga Privada No. 9 ya Drew Estate, yenye vazi la broadleaf na inayosokotwa Estelí, ni mfano mwafaka: nyeusi inayong’aa mafuta, moshi mwingi wa kujaza chumba, utamu wa molasi. Ya Brazili ijaribiwe kupitia biri za Dannemann, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1873 huko São Félix na mhamiaji wa Kijerumani.

Toscano ya Italia haifanani na yoyote kati ya hizi, na wapenzi wa Havana huikwepa kwa sababu ya sura yake. Ni nyembamba, ina mikunjo, mafundo na uvimbe katikati, kama kijiti kilichokauka. Inasimuliwa kwamba mwaka 1815 huko Florence marobota ya tumbaku yalinyeshewa, yakachachuka, na badala ya kutupwa yakasokotwa biri za bei rahisi, zikapendwa. Tumbaku yake ni ya moshi: jani la aina ya Kentucky hukaushwa kwa moto wa kuni ndani ya bani, njia ile ile inayofahamika kwa wakulima wa Namtumbo na Songea. Haina jani la kufungia. Haihitaji unyevu wala kisanduku maalumu, na Waitalia huikata nusu kwa kisu na kuwasha nusu moja baada ya kahawa. Viwanda vyake viko Lucca na Cava de’ Tirreni, na Toscano Originale bado husokotwa kwa mkono na wanawake wa Lucca. Harufu ni ya nyama iliyobanikwa na ngozi ya viatu. Pafu la kwanza halimpendezi karibu mtu yeyote. La kumi huamua.

Biri za Manila zitajwe kwa ufupi. Ufilipino ililima tumbaku chini ya ukiritimba wa dola ya Hispania mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1880, na Tabacalera, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1881, ikabeba jina la Manila duniani kote wakati Havana ilikuwa mbali na ghali. Ni biri nyepesi, rahisi, zenye harufu ya nyasi. Thamani yake leo ni ya historia zaidi kuliko ya ulimi.

Katika kununua, hatari kubwa ni bandia, na Cohiba ndiyo inayoghushiwa zaidi. Kisanduku cha Cohiba chenye kifuniko cha kioo ni bandia bila kuuliza, kwani Cuba haitengenezi kitu hicho. Hadithi ya muuzaji wa mtaani mwenye ndugu anayefanya kazi kiwandani ni ya kale kama mitaa yenyewe ya Havana. Kisanduku halali huwa na hati ya dhamana ya kijani na nyeupe, na chini ya kisanduku msimbo wa kiwanda na tarehe ya kufungwa huchomwa kwa chuma cha moto au kugongwa muhuri. Biri za ndani zifanane rangi, zipangwe kutoka iliyokoza hadi iliyofifia, na pete zote zitazame upande mmoja. Aliyenunua moja moja dukani aibonyeze taratibu kwa vidole: iliyopasuka au yenye sehemu laini na nyingine ngumu irudishwe.

Baada ya kununua kuna kutunza, na hapo Afrika Mashariki ina matatizo yake. Biri inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 16 hadi 21. Dodoma wakati wa kiangazi huikausha ikapasuka kwa siku chache. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hufanya kinyume, hewa yenye maji huitia ukungu na kuifanya izimike kila dakika. Kisanduku cha asili cha kuhifadhia hutengenezwa kwa mbao za Cedrela odorata, mti ambao wafanyabiashara huuita mwerezi lakini kwa ukoo ni ndugu wa mkangazi. Tanzania inao: ulipandwa zamani, ukaenea wenyewe, na katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro umekuwa mti mvamizi unaopigwa vita. Mbao zake hunywa unyevu wa ziada na kuutoa hewa ikikauka. Asiye na kisanduku hicho anaweza kutumia chombo cha plastiki kinachofunga kabisa pamoja na pakiti za kudhibiti unyevu, na kwa pwani, hii ndiyo njia ya uhakika zaidi.

Joto huamsha pia mdudu wa tumbaku, mbawakawa wa kahawia mwenye urefu wa milimita mbili au tatu, ambaye mayai yake huweza kuwemo ndani ya majani tangu shambani. Joto likikaa juu ya nyuzi 25 mayai huanguliwa, na tundu dogo la mviringo kwenye jani la nje, safi kama la sindano ya mfumaji, ndilo dalili yake. Biri zilizokaa naye hufungwa kwenye mfuko usioingiza hewa, huwekwa kwenye jokofu la kugandishia kwa siku tatu au zaidi, huhamishiwa kwenye friji ya kawaida kwa siku moja ili zisipasuke kwa mabadiliko ya ghafla, ndipo zirudishwe kwenye chombo kilichosafishwa. Iliyotobolewa haivuti sawasawa tena, kwa kuwa hewa hupita tunduni badala ya kupita kwenye moto. Nyingine zilizobaki hukaguliwa moja moja na kupumzishwa wiki mbili au tatu kabla ya kuwashwa.